Wasomaji Wauliza: Reli ya Chini ya Ardhi Nairobi, Ianzie Wapi?

Katika toleo lililopita, safu hii ilieleza mvutano wa miaka mingi kuhusu reli ya Second Avenue mjini New York. Njia hiyo ilipendekezwa mara ya kwanza mwaka 1920, ikaanza kuchimbwa mwaka 1972, ikasimama mwaka 1975 jiji lilipokuwa ukingoni mwa kufilisika, na hatimaye ikafunguliwa tarehe 1 Januari 2017 ikiwa na stesheni mpya tatu tu. Sasa jiji hilo linajiandaa kuirefusha hadi mtaa wa 125 huko East Harlem, kwa gharama ya takriban dola bilioni 7, na wakazi wangali wanabishana. Barua zilizonifikia tangu wakati huo zinaonyesha kwamba wengi waliisoma habari hiyo huku wakiifikiria Nairobi. Nimechagua baadhi yake na kuzifupisha pasipo kugeuza maana.

Swali: *London ilikuwa na treni za chini ya ardhi mwaka 1863 na New York mwaka 1904. Sisi bado tunakaa ndani ya matatu zaidi ya saa nzima kutoka Githurai hadi mjini. Kwa nini serikali isikope fedha na kuchimba mara moja, badala ya kupanua barabara ambazo hujaa tena baada ya muda mfupi?* (Msomaji, Githurai 45)

Jibu: Ndugu wa Githurai, hasira yako inaeleweka, hasa kwa mtu anayeitazama Barabara Kuu ya Thika kila asubuhi. Barabara hiyo ilizinduliwa mwaka 2012 ili kumaliza msongamano, nawe ni shahidi wa yaliyofuata. Hata hivyo, ile miaka ya 1863 na 1904 isitudanganye. Wajenzi wa New York walianza kazi mwaka 1900 na kufungua stesheni 28 baada ya miaka minne kwa sababu sehemu kubwa ya njia waliichimba kwa namna rahisi: barabara ilifukuliwa, mtaro ukajengewa kuta na paa, kisha udongo ukarudishwa juu yake. Vibarua walilipwa ujira mdogo na usalama wao haukuwasumbua wakubwa sana. Leo chini ya barabara za katikati ya Nairobi kumezikwa mabomba ya maji safi na majitaka, nyaya za umeme na za intaneti, kila kimoja na mwenyewe, na kuvihamisha vyote hivyo ni mradi kamili kabla ya mradi wenyewe kuanza.

Kuhusu kukopa na kuchimba mara moja, hebu tazama hesabu hii. Kipande cha Second Avenue kilichofunguliwa mwaka 2017 kina urefu wa karibu kilomita 2.9 na kiligharimu takriban dola bilioni 4.45. Reli yetu ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, yenye urefu wa takriban kilomita 470, iligharimu karibu dola bilioni 3.6, na malipo ya mkopo wake bado yanazua mijadala Bungeni. Kwa maneno mengine, fedha zilizotufikisha baharini zisingetosha kumaliza stesheni tatu za Manhattan.

Lakini bei ya New York ni ya New York. Madrid iliongeza zaidi ya kilomita 50 kwenye mtandao wake wa metro kati ya mwaka 1995 na 1999, na kila kilomita iligharimu sehemu ndogo tu ya kile ambacho New York ilikuja kulipa. Mhandisi aliyesimamia kazi hiyo, Manuel Melis Maynar, alisisitiza stesheni zenye muundo mmoja unaorudiwa na kikosi kidogo cha wahandisi wa serikali chenye mamlaka ya kuamua papo hapo. New York ilifanya kinyume chake: mapango makubwa ya stesheni yaliyochimbwa ndani ya mwamba, washauri wengi wa kulipwa, na wafanyakazi wengi kuliko kazi iliyohitajika, kama walivyobaini watafiti wa Chuo Kikuu cha New York wanaolinganisha gharama za reli za miji duniani. Paris nayo inajenga mtandao mpya wa takriban kilomita 200 kuzunguka viunga vyake, na makadirio yake yamefikia karibu euro bilioni 36, fedha nyingi mno, lakini kwa kila kilomita ni chini sana ya New York. Kwa hiyo anayekwambia kwamba handaki lina bei moja inayojulikana, mwulize anaongelea jiji gani.

Abiria tunao. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi peke yake, kabla ya kuwahesabu wanaoingia kila asubuhi kutoka Kiambu, Machakos na Kajiado. Treni inayobeba watu 1,000 na kupita kila baada ya dakika tatu husafirisha watu 20,000 kwa saa kuelekea upande mmoja. Kuwabeba watu hao kwa matatu za viti 33 kungehitaji zaidi ya magari 600 kila saa katika barabara hiyo moja. Wahitaji wapo, basi, na hilo halina ubishi. Ninachobishia ni neno lako "mara moja", na sababu yake imo katika barua inayofuata.

Swali: *Treni ya Embakasi Village inapita karibu na kwetu. Asubuhi inapita imejaa, mchana haionekani. Inatushusha stesheni kuu, nami kazi yangu iko Westlands, kwa hiyo nalipa nauli ya pili. Je, reli ya chini ya ardhi ingenisaidia, au tungeanza na hii tuliyo nayo?* (Msomaji, Pipeline)

Jibu: Umeuliza mambo mawili na yote mawili yana jibu la ndiyo, ila kwa utaratibu maalum.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na stesheni ikawekwa kwenye uwanda ulio tambarare. Mji ukakua kuelekea kaskazini na magharibi ya stesheni hiyo. Matokeo yake ni kwamba treni zote za abiria wa jiji, kutoka Ruiru, Embakasi Village, Syokimau, Lukenya na Kikuyu, hukutana katika Stesheni Kuu iliyo ukingoni kusini mwa kitovu cha jiji, na hakuna hata moja inayokwenda Ngara, Parklands wala Westlands. Ajira zimehama, stesheni imebaki palepale. Mtu wa Pipeline husafiri sehemu kubwa ya safari yake kwa treni bila kukwama, kisha huachwa Barabara ya Haile Selassie aanze kupigania matatu katikati ya msongamano uleule aliokuwa ameukwepa.

Tatizo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya reli hiyo ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana lazima zipishane mahali penye njia ya pembeni, na moja humsubiri mwenzake. Ikiwa safari kati ya sehemu mbili za kupishana huchukua dakika 10, basi huwezi kuwa na treni za kwenda na kurudi zinazofuatana kwa chini ya dakika 20 hivi, hata ukinunua treni mia. Ndiyo maana ratiba imekuwa ya kuwaleta watu mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Ongeza hapo mahali reli inapokatana na barabara, na masoko kama Mutindwa ambako wachuuzi wamepanga bidhaa zao hadi karibu na reli, nawe utaelewa kwa nini dereva hawezi kwenda kasi hata injini ikiwa na nguvu. Treni zenyewe ni chache: mwaka 2020 Kenya ilinunua seti 11 za dizeli zilizokuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na nyingine ni mabehewa ya zamani yanayovutwa na injini.

Mpangilio ambao ningeutetea mbele ya kamati yoyote ni huu. Kwanza, reli za Ruiru na Embakasi Village zijengewe njia ya pili, ziwekewe taa na mitambo ya kuongozea treni, na makutano na barabara yaondolewe kwa madaraja. Pili, ziwekewe umeme, kwa sababu treni za dizeli haziwezi kuendeshwa kwa wingi ndani ya stesheni za chini ya ardhi pasipo moshi kuwadhuru watu. Hapo ndipo handaki linapopata maana: handaki fupi, kutoka eneo la Stesheni Kuu, likipita chini ya kitovu cha jiji na kutokezea upande wa Westlands. Treni yako ya Embakasi Village isingekomea tena Haile Selassie.

Sijalibuni wazo hili. Cairo, jiji la kwanza Afrika kuwa na metro, ilifungua njia yake ya kwanza mwaka 1987 kwa kufanya jambo hilohilo: reli za zamani za juu ya ardhi, ile ya Helwan kusini na ile ya viunga vya kaskazini, ziliunganishwa kwa handaki lililopita chini ya katikati ya jiji. Njia nzima ina urefu wa takriban kilomita 44, na kipande kidogo tu ndicho kilicho chini ya ardhi. Paris iliunganisha reli za mashariki na magharibi kwa namna hiyo mwaka 1977. London nayo ilichimba chini ya jiji ili treni zinazotoka Reading na Heathrow upande wa magharibi zipite moja kwa moja hadi Abbey Wood na Shenfield upande wa mashariki. Hiyo ndiyo njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022. Katika majiji hayo matatu, handaki lilitumika kuziunganisha reli ambazo tayari zilikuwa na abiria.

Naona mjadala wetu hapa Nairobi una pengo moja kubwa. Eneo linalozunguka Stesheni Kuu limepangiwa mradi wa Nairobi Railway City, wenye ekari 425 za maghorofa, maduka na stesheni mpya. Ikiwa misingi ya majengo hayo itamwagwa bila kuacha nafasi chini kwa ajili ya handaki la siku za usoni, kizazi kijacho kitalipia uzembe huo mara kadhaa. New York, pamoja na makosa yake yote, inatumia tena vipande vya handaki vilivyochimbwa chini ya Second Avenue katika miaka ya 1970 na kuachwa vitupu. Kuhifadhi mkondo wa njia ni gharama ya mistari kwenye ramani na sheria ya kuilinda, na hilo linaweza kufanywa sasa hata kama fedha za kuchimba zitapatikana baada ya miaka 20.

Swali: *Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeona miradi ikizinduliwa kwa ngoma na kuachiwa wajukuu deni. Nani atalipa, na kwa nini nisipinge?* (Msomaji, Kikuyu)

Jibu: Mwalimu, pinga, lakini pinga kwa kuuliza kuhusu mifuko miwili badala ya mmoja. Mfuko wa kujenga huzungumziwa sana siku ya uzinduzi. Mfuko wa kuendesha, yaani umeme, vipuri, mishahara na ukarabati wa kila mwaka, huzungumziwa treni zinapoanza kusimama. Reli nyepesi ya Addis Ababa ilifunguliwa mwaka 2015 kwa takriban dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Nauli iliwekwa chini ili maskini wamudu, jambo jema, ila hapakuwekwa chanzo kingine cha kuziba pengo. Vipuri vikakosekana na treni nyingi zikaegeshwa.

Majiji mengine yametafuta mtu wa tatu wa kulipa, pamoja na abiria na Hazina. London, kuanzia mwaka 2010, iliwatoza wafanyabiashara wenye majengo makubwa kiasi cha ziada juu ya kodi ya majengo yao kwa ajili ya njia ya Elizabeth. Hata hivyo mradi ulichelewa kwa zaidi ya miaka mitatu na kuvuka bajeti ya pauni bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19. Hong Kong huliruhusu shirika lake la reli kuendeleza nyumba na maduka juu ya stesheni, na faida ya ardhi iliyopanda thamani hurudi kwenye reli. New York iliamua kuwatoza wenye magari ya kibinafsi wanaoingia sehemu ya kusini ya Manhattan. Mwezi Juni 2024, wiki chache kabla ya tozo kuanza, Gavana Kathy Hochul aliisimamisha, na kazi za awali za kurefusha Second Avenue zikasimama pamoja nayo. Tozo ilianza Januari 2025 kwa dola 9, na mapato yake yanatarajiwa kutegemeza mikopo ya dola bilioni 15. Handaki lililopangwa kwa miaka mia lilitikiswa na tangazo la asubuhi moja.

Sisi tuna Ushuru wa Maendeleo ya Reli, ulioanza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Nitasema wazi kwamba siupendi kama chanzo cha reli ya jiji. Mkazi wa Lodwar anayenunua viatu vilivyotoka nje anachangia, ilhali mtu aliyekuwa na ploti karibu na Syokimau stesheni ilipofunguliwa mwaka 2012 hakuombwa chochote kwa thamani aliyoletewa mlangoni. Reli ya jiji ingepaswa kumwangalia huyu wa pili kwanza.

Ila ujue, Mwalimu, kwamba kusimamisha nako kuna gharama. Lagos ilikuwa na mpango wa metro chini ya Gavana Lateef Jakande, serikali ya kijeshi ikaufuta mwaka 1985, fedha zikapotea, na wakazi wakasubiri hadi mwaka 2023 ndipo njia ya kwanza ikaanza kubeba abiria. Ushauri wangu kwako ni kudai bajeti ya uendeshaji ya miaka 10 ichapishwe kabla ya mkataba wa mkopo kutiwa sahihi. Wakishindwa kuionyesha, upinzani wako utakuwa na msingi.

Swali: *Nina kibanda Ngara na nyumba ndogo ya kupangisha. Wakichimba chini yangu nitalipwa? Na biashara itakuwaje kwa miaka hiyo yote?* (Mama mfanyabiashara, Ngara)

Jibu: Mama, tuanze na sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inahesabu mwamba ulio chini ya uso wa ardhi kuwa sehemu ya ardhi, na kifungu cha 40 kinataka fidia ya haki ilipwe kikamilifu na kwa haraka pale serikali inapochukua mali ya mtu kwa manufaa ya umma. Anayeshughulikia utwaaji huo ni Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Kwa hiyo nyumba yako, ikiwa una hati, ina kinga. Kibanda kina hali ngumu zaidi, ingawa kifungu hichohicho kinaruhusu waliokalia ardhi kwa nia njema kufikiriwa hata wasipokuwa na hati. Huko Kibera na Mukuru, Shirika la Reli liliwajengea nyumba na vibanda watu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara ndani ya hifadhi ya reli, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Mpango huo ulichukua miaka mingi, lakini unaweza kuutaja mbele ya afisa yeyote atakayekwambia kwamba mwenye kibanda hana haki.

Kuhusu biashara, jambo la kuuliza ni stesheni itakaa wapi. Mashine ya kuchimba hupita chini kabisa, na wakazi wengi hawaisikii isipokuwa kama mtetemo. Usumbufu wote hukusanyika pale stesheni zinapojengwa, kwa sababu huko barabara hufunguliwa, mabati hupandishwa mbele ya maduka na wateja hubadilisha njia. Katika Second Avenue wenye maduka walilalamika kwa miaka mingi kwamba jukwaa na mabati vilikuwa vimewaficha, na baadhi walifunga. Sheria zetu za fidia zinaangalia zaidi mali iliyochukuliwa kuliko mapato yaliyopotea jirani yake. Ningependa kuona chama cha wafanyabiashara wa Ngara kikidai mfuko wa kuwasaidia walio kando ya uchimbaji uandikwe ndani ya mkataba, kwa kuwa baada ya mkandarasi kuingia hakuna atakayekusikiliza.

Swali: *South C tunajengea juu ya udongo mweusi unaopasua kuta, na mvua ikinyesha tunaogelea. Treni chini ya maji hayo?* (Msomaji, South C)

Jibu: Udongo mweusi ni tabaka la juu. Chini yake upo mwamba wa volkano, na wahandisi wa hapa si wageni wa kuchimba miamba ya aina hiyo: reli ya SGR kuelekea Naivasha inapita katika handaki la kilomita 4.5 chini ya Ngong. Hofu yako kuhusu maji ndiyo nzito. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha jinsi mito ya Nairobi, Mathare na Ngong inavyorudi kwenye ardhi yake. Mjini Zhengzhou, China, watu 14 walikufa ndani ya treni ya chini ya ardhi mwezi Julai 2021 maji yalipoingia, na New York ilifurika mahandaki yake wakati wa kimbunga Sandy mwaka 2012. Milango ya stesheni lazima iinuliwe juu ya kiwango cha barabara, pampu ziwe na umeme wa akiba, na pawe na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha treni bila kupiga simu kwa wakubwa. Lakini katika jiji ambalo mitaro ya maji ya mvua hujaa taka, mimi ningeshughulikia mitaro kwanza.

Swali: *Naendesha matatu ya Rongai. Mkishaleta treni na mabasi yenu ya mwendo wa kasi, sisi twende wapi?* (Dereva, Ongata Rongai)

Jibu: Ndugu dereva, kwa kasi tunayokwenda nayo, hutafukuzwa kesho. Mamlaka ya uchukuzi ya jiji kuu, NaMATA, iliundwa mwaka 2017 na ikazipa njia tano za mabasi majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Barabara ya Thika ikapakwa mstari mwekundu, na abiria wangali wanapanda matatu.

Hata mpango ukitimizwa wote, treni haiwezi kuingia kila kichochoro cha Rongai. Mtu anahitaji kufikishwa stesheni, na stesheni isiyo na matatu ya kuilisha hubaki tupu. Mfano uko kwenu: reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2019 kuelekea Suswa ina stesheni ya Ongata Rongai, ambayo haikupangiwa treni za kila dakika chache za kuwapeleka watu kazini, wala steji ya kuihudumia. Stesheni ipo na abiria wako bado wako barabarani Lang'ata.

Wasiwasi wako una msingi katika jambo lingine, nalo ni nani atakayepewa kandarasi. Dar es Salaam, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, daladala ziliondolewa katika njia kuu, na baadaye upungufu wa mabasi ukawaacha abiria wakisongamana vituoni bila njia mbadala. Vyama vya ushirika vya matatu vya Nairobi vikae mezani mapema, vikiwa na madai mawili yaliyoandikwa: haki ya kwanza ya kuhudumia njia za kutoka mitaani hadi stesheni, na tiketi moja inayolipia matatu na treni pamoja, ili abiria asione treni kama nauli ya pili. Madereva wakisubiri hadi siku ya kukata utepe watakuta kandarasi zimeshagawanywa.

Swali: *Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Wakituita kwenye kikao cha maoni ya umma kuhusu reli, niulize nini ili nisionekane nimekwenda kunywa soda?* (Msomaji, Kahawa)

Jibu: Uliza ni treni ngapi zitapita kwa saa katika mwaka wa tano baada ya kufunguliwa, mchana na usiku, siyo siku ya uzinduzi. Uliza nauli itakuwa kiasi gani ikilinganishwa na matatu ya njia hiyohiyo, na nani atafidia tofauti. Ikiwa mpango una handaki, omba kuonyeshwa gharama ya kila stesheni peke yake, maana huko ndiko fedha hujificha, kisha uliza ni nini kingejengwa juu ya ardhi kwa fedha hizohizo. Mradi kama reli ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2025 ya kutoka Riruta hadi Ngong kupitia Lenana, Karen na Bulbul unafaa kupimwa kwa maswali hayohayo, ingawa hauna handaki lolote.

Yaandike maswali yako na kuyawasilisha kwa barua, kwa sababu yanayosemwa kwenye kipaza sauti mara nyingi hufupishwa kuwa "wananchi waliunga mkono". Nenda na nakala mbili, moja uwaachie, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe.